Mahindi na Yaliwe na Kuku

Ipo siku moja ya mwezi wa sita ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, na majina ya wote waliokuwepo siku hiyo ninayo mpaka leo, hata la jogoo. Jogoo tulimwita Polisi, kwa tabia yake ya kufukuza watu wasio na kosa. Shule sikusoma sana, niliishia darasa la nne, basi mkono wangu ni mzito kwenye kalamu na pale mstari unapopinda utanisamehe. Kichwa hakijapinda.

Kwetu ni Kilolo, milimani, kule Iringa. Anayezaliwa kule anaijua baridi kabla hajalijua jina lake. Mwezi wa sita na wa saba ukungu unalala bondeni hadi asubuhi inakaribia kuisha, na jua likichomoza kila mtu anaacha alichoshika, anasogea ukutani, anakaa. Kuota jua, ndivyo tunavyosema. Wazee na bakuli la uji, watoto na kamasi zao, mbwa, mbuzi, wote mstari mmoja. Kwetu jua ni mgeni anayependwa. Na mgeni ukimpenda mno, humkagui mzigo aliobeba.

Mdogo wangu Leokadia alizaliwa hana rangi. Nywele zake njano kama ndevu za mahindi, ngozi nyeupe, macho yanacheza na kuukimbia mwanga. Siku hizi tunasema mtoto mwenye ualbino. Enzi zile walisema zeruzeru, na wenye midomo michafu zaidi walisema mengine ambayo sitayapa nafasi hapa. Mama yetu alimpenda, mtu asikudanganye. Mama yetu, Mama Desideria, aliyemwona mtoto wake akichekwa kisimani akarudi na ndoo ya mtu mwingine imevunjika, huyo hakuwa mama wa kumtupa mtoto. Alimpenda kwa kumwondolea kazi. Sisi tulipobeba majembe alfajiri kwenda shambani, Leokadia alibaki, kwa sababu macho yake hayakuona mbali na angeweza kujikata mguu.

"Huyu ni wa kazi nyepesi," mama alikuwa akisema.

Na kazi nyepesi kuliko zote nyumbani kwetu ilikuwa kulinda mahindi yaliyoanikwa.

Wewe labda umekulia mjini hujui. Mahindi yakipukuchuliwa hutandazwa kwenye mikeka uani, yapate kukauka kabla ya kuingia ghalani. Kuku nao wanajua. Basi lazima mtu akae pale na fimbo, kutwa, awafukuze kuku na kuyageuza mahindi kwa kiganja. Yakiisha mahindi, maharage. Yakiisha maharage, ngano. Na kwa kuwa jua la Kilolo ni la kubahatisha, mikeka inatandazwa mahali ambapo kivuli hakifiki kabisa, na mlinzi anakaa hapo hapo katikati. Leokadia alikaa hapo tangu akiwa mdogo wa kushika fimbo kwa mikono miwili. Mama alimvalisha vizuri, sweta juu ya sweta, soksi za sufu, kitenge kiunoni, asipigwe na baridi. Uso, masikio, shingo na midomo vilibaki nje.

Uso ukaanza kuwa na madoa, kama yai la kanga. Midomo ikapasuka, ikapona, ikapasuka. Majirani wakasema ngozi inakomaa, inazoea. Hata mimi nilisadiki. Leo nakwambia, ngozi haizoei. Ngozi inakumbuka, kama mimi ninavyokumbuka majina.

Sasa, siku yenyewe. Kulikuwa na mama mmoja mfanyabiashara wa Iringa mjini, Bi Mwanahawa, wazazi wake walitoka pwani. Alikuwa akipanda milima kwa lori la mbao na khanga zake, chumvi na sindano. Siku hiyo akaingia uani kwetu.

"Hodi wenyewe."

"Kamwene, Bi Mwanahawa. Karibu."

"Kamwene. Na hawa mabinti zako shikamoo yangu wamemuuzia nani? Au kwa kuwa leo sikuja na sukari?"

Tukaamkia huku tunacheka. Mama akaanza kupekua khanga, anauliza hii doti na ile doti, lakini Bi Mwanahawa anamtazama Leokadia kwenye mkeka.

"Mama Desideria, binti huyu anafanya nini pale?"

"Analinda mahindi, yasiliwe na kuku."

"Na yeye analindwa na nani asiliwe?"

"Aliwe na nani, Bi Mwanahawa? Fisi hatoki mchana."

"Analiwa na jua sasa hivi. Mimi na wewe tumesimama tunatazama."

Mama akacheka, si kwa ubaya. Akanyoosha mkono juu kama anayepima mvua. "Jua gani hili? Meno yanagongana kwa baridi. Jua kali mnalo ninyi pwani, na watu wa Chunya. Hili letu ni la kuotea tu."

Bi Mwanahawa akaziweka khanga chini. "Nilikuwa na kaka, Abdallah, kama huyu. Kwetu alikuwa akianika mbata, nazi zile za kukausha. Tulisema ndiyo kazi nyepesi, asichoke. Kilianza kipele sikioni, kama kaumwa na mbu. Sikio likaondoka. Halafu na yeye akaondoka. Jua halina pwani wala bara, mama. Baridi inakudanganya wewe, ngozi ya mtoto haidanganyiki."

Akavua khanga aliyokuwa amejitanda mabegani mwake, si ile ya kuuza, akamfunga Leokadia kichwani ikashuka mpaka shingoni. Akamwambia, "Usiitoe, mwanangu. Akikuuliza mtu, mwambie kanivalisha Mwanahawa, aje kwangu." Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa msichana mkubwa tayari, akaninyooshea kidole. "Na wewe Yustina una macho mazima. Unayatumia kutazama nini?"

Hilo ndilo karipio langu, mwanangu. Nimepigwa kwa fimbo utotoni nikasahau. Hilo sijalisahau.

Lori lilipoondoka, mama aliifungua ile khanga polepole. Akasema padre akipita atadhani tumebadili dini. Alisema kama utani, akaikunja, akaiweka sandukuni na nguo za maana. Kesho yake mimi niliichukua fimbo nikakaa mkekani, nikamwambia Leokadia aingie ndani. Mama akaniondoa. "Wewe una mikono ya jembe," akasema. "Usimnyang'anye mwenzio kazi yake." Na Leokadia mwenyewe alirudi pale kwa fahari, maana mtu kuwa na kazi yake ni heshima. Polisi alikuwa akimwogopa yeye peke yake.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Leokadia alipokuwa msichana wa kuposwa, kidonda kilitokea mbele ya sikio. Kidogo, hakiumi. Na kisichouma hakina mwenyewe. Kikajifunga, tukashukuru. Kikafunguka. Mzee Kaspari akaleta majani, Mama Zakaria akaleta majivu ya mti fulani, mwingine akasema ni kidonda ndugu, kimetumwa, tafuteni aliyekituma. Tukamtafuta aliyekituma kila mahali. Na mwenye kukituma alikuwa akichomoza kila asubuhi nyuma ya nyumba ya Kaspari, nasi tunampisha akae vizuri.

Tulipompeleka hospitali kwa masista kilikuwa kimeshashika mfupa. Daktari wa pale hakutuficha. Alisema ni kansa ya ngozi, mngekuja kikiwa kama punje ya mtama ningekitoa mkarudi nyumbani leo hii. Kama punje ya mtama. Mama aliketi kwenye benchi akalirudia neno hilo, mtama, mtama, kama mtu anayefundishwa kusoma.

Leokadia hakuuona mwezi wa sita mwingine.

Sasa nikwambie la msibani, maana bila hilo hutanielewa. Tumeshamtoa ndani, jeneza liko uani, pale pale mikeka inapotandazwa. Kijana mmoja, Fabiano, mume wa binamu yangu, alikuwa amekwishapiga ulanzi, pombe yetu ya mianzi, tangu asubuhi. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Lakini mimi nasikia watu hawa hawafi. Wanapotea tu. Humo labda mmetia mgomba."

Watu wakainamisha vichwa. Wengine, nakwambia kweli, walikuwa wanasubiri jibu, maana walishasikia hivyo hivyo tangu utoto. Mila yetu mwanamke msibani analia, hatoi amri. Nami nikaacha kulia.

"Shemeji Fabiano, njoo ushike upande huu."

"Mimi siyo mbebaji, shemeji."

"Leo ndiwe. Njoo. Kama ni mgomba utatuambia."

Akatazama huku na huku atafute wa kumwokoa. Baba yangu akamwondoa mjomba kwenye kona ya mbele, akampisha. Fabiano akabeba. Makaburini kwetu ni kupanda mlima, na Leokadia alikuwa mrefu. Mimi nilitembea ubavuni kwake njia nzima, na kila alipopumua nikamwuliza, "Shemeji, mzito?" Tulipofika juu ulanzi ulikuwa umemtoka wote kwa jasho. Alishuka mwenyewe kaburini kumpokea. Na toka siku hiyo, mtu akisema mbele ya Fabiano kwamba hawa hawafi, alikuwa akisema, "Wanakufa. Mimi nilimbeba." Walikuwa wanasema hawafi kwa sababu hawakutaka kuuliza wanakufa kwa nini.

Basi, mwanangu, miaka ikaenda. Niliolewa na mtu wa reli, marehemu Asangalwisye, akanileta Mbeya, nikazeekea hapa Iyunga. Nilidhani yale yameishia kule Kilolo.

Nina mjukuu anaitwa Ezekia, ni mkulima wa tumbaku Chunya, na mahindi kidogo ya chakula. Mtoto mzuri, ananipigia simu kila Jumapili baada ya ibada. Binti yake wa kwanza, Tumaini, alizaliwa na ualbino. Mara zote walipokuja kwangu niliwaambia: kofia, mikono mirefu, kivuli. Ndiyo Bibi, ndiyo Bibi. Mwaka jana baada ya mavuno nikasema ngoja niende mwenyewe nikaone hiyo ndiyo inafananaje. Nikapanda basi, nikala vumbi la Chunya mpaka meno yakawa mekundu, nikashuka, nikafuata njia, nikaingia uani kwa Ezekia.

Mtoto alikuwa ameketi katikati ya turubai la mahindi, ana fimbo, kichwa wazi.

Sikusema hodi. Nilisimama. Nilikuwa nimesimama Kilolo.

Ezekia akatoka mbio kunipokea mzigo. "Shikamoo Bibi. Mbona hukupiga simu tukufuate stendi?"

"Kofia ya mtoto iko wapi?"

"Ipo Bibi. Ipo ndani, imetundikwa. Ile pana waliyompa shuleni. Tunaitunza isichafuke, anavaa Jumapili."

"Na losheni?"

Mkewe, Rehema, akajibu yeye. "Iko kabatini, Bibi. Tunampaka tukiwa na safari."

"Kwa hiyo jua la hapa uani linajua kwamba leo siyo Jumapili na hamna safari."

Wakacheka kidogo, kwa adabu. Kisha Ezekia, mtoto wa watu, akanieleza kwa upole kama mtu anayemtuliza mgonjwa. "Bibi, sisi hatumtesi. Shambani hatumpeleki kabisa. Tumempa kazi nyepesi."

Mwanangu, maneno yale yale. Mama yangu amelala Kilolo miaka yote hii, na maneno yake yamepanda basi yakatangulia kufika Chunya.

Nikaingia kwenye turubai na viatu vyangu. Nikamwambia Tumaini, "Nipe fimbo, nenda ndani ukanywe maji, usirudi." Akanipa. Nilitaka kuivunja kwenye goti, ikanishinda, uzee ni kitu kibaya, nikaenda nikaitia kwenye moto jikoni. Nikarudi, nikaketi katikati ya mahindi, pale pale mtoto alipokuwa.

Kuku ni watu wa haraka. Walifika kabla sijakunja miguu.

"Bibi," Rehema akasema, "kuku."

"Nimewaona."

"Wanayala mahindi, Bibi."

"Na yaliwe."

Jirani mmoja, Mama Subi, akachungulia juu ya ua wa mabua. "Jamani, bibi yenu wa Mbeya anaumwa?"

"Haumwi," nikamjibu mwenyewe. "Analisha kuku. Karibu na wa kwako."

Na wa kwake wakaja, kweli. Bata pia. Ezekia akachukua mti awafukuze, nikamwambia ukimgusa kuku mmoja narudi Iyunga leo hii na simu za Jumapili usinipigie tena. Akashusha mkono. Nikamwambia, "Nitakaa hapa mpaka uniambie jambo moja. Kati ya hiki kinacholiwa sasa, na yule aliyekuwa akiliwa hapa kabla sijaja, kipi utakipata tena msimu ujao?"

Ezekia akazunguka, akaenda, akarudi. Jua la Chunya liliniteremkia utosini hata mimi mwenye rangi yangu yote nikaona nyota. Mwisho akachuchumaa mbele yangu.

"Bibi, inuka tafadhali. Jua kali."

"Kumbe unaliona."

Akafunika uso kwa viganja. Rehema ndiye aliyenyanyuka, akaingia ndani, akatoka na ile kofia, akamvalisha mtoto aliyekuwa mlangoni akitazama. Hapo ndipo nilipoinuka, na nilihitaji watu wawili.

Jioni hiyo nilimshika Tumaini uso wake nikautazama kila mahali, maana sasa nina macho na najua kazi yake. Kipaji cha uso kilikuwa na magamba makavu, ukiyapitishia kidole yanakwaruza kama msasa. Na kwenye ukingo wa sikio, kidonda. Kidogo.

"Hiki tangu lini?"

"Tangu kabla ya kupanda," Rehema akasema. "Kinapona kinarudi. Hakimuumi, Bibi."

Hakimuumi. Asubuhi yake tulikuwa kwenye basi la Mbeya, sisi wanne, na Ezekia hakuuliza tumbaku itabaki na nani.

Hospitali kubwa walitupokea vizuri. Daktari alikuwa binti kijana, akaniita Bibi, akanivumilia, maana nilimwuliza maswali yote ambayo kule Kilolo hatukujua kuyauliza. Magamba ya kipaji aliyachoma kwa hewa ya baridi inayofuka moshi. Tumaini akafumba macho, akasema, "Bibi, hii ndiyo ile baridi yenu ya Kilolo?" Nikamwambia ndiyo, leo inalipa deni lake. Kile kidonda cha sikio walikikata kidogo, wakashona, wakapeleka kipande kupimwa.

Siku za kusubiri jibu sitazieleza. Nilikaa Iyunga na rozari mkononi, na sikuomba kwa sauti ya upole. Nilimwambia Mungu, huyu hapana. Mmoja ulimchukua nikanyamaza kwa sababu nilidhani huulizwi. Huyu ninakuuliza.

Jibu likaja kwamba ilikuwa imeanza. Kansa, ya mwanzo kabisa, na yote ilikuwa ndani ya kile kipande walichokikata. Kama punje ya mtama. Ezekia alishika ukuta. Mimi nilicheka, watu wakanishangaa pale korido, bibi mzee anacheka peke yake. Nilikuwa namcheka mwenye kuchomoza kila asubuhi. Safari hii tumefika kabla yake.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana hapa ndipo nilipokuwa nakuleta.

Yule daktari aliniambia rangi ya mtu ni mwavuli alioshonewa ndani ya ngozi. Aliyezaliwa bila mwavuli huo, jua linamfikia lote, na madhara hayaji siku moja, yanajengwa tangu utotoni, kila kuungua juu ya kuungua, mpaka siku moja ngozi inasahau namna ya kujirekebisha, inaota hovyo. Haikutumwa na mtu. Haiambukizi, lala naye, kula naye, msuke nywele. Na huku kwetu juu milimani, Kilolo, Makete, Uporoto, usidanganywe na baridi wala mawingu. Tulipo ni juu, hewa nyepesi haituchujii kitu, na jua linapita kwenye ukungu kama mbu kwenye chandarua kilichotoboka. Baridi ni ya upepo. Kuunguza ni kwa jua. Hayo ni mambo mawili, mama yangu aliyachanganya na akalipa kwa mwanawe.

Na wewe mweusi kama mimi usikae ukasema hayanihusu. Nilimwuliza daktari hilo, akanijibu. Rangi yetu inatukinga sana, haitukingi kabisa. Tazama nyayo zako na chini ya kucha. Doa jeusi lililozuka na linalotanuka, lipeleke likaonwe, usiseme nimejikwaa. Kovu la moto la zamani nalo lina mambo yake, na sisi watu wa baridi watoto wetu wanaangukia majiko kila mwaka. Jirani yangu Mzee Mwaisumo aliungua mguu akiwa mtoto, na uzeeni lile kovu likafunguka likakataa kufunga, kumbe ni kansa. Mwenye kovu usidhani kapoa, wahenga hawakukosea. Na mwili ambao kinga yake imeshuka kwa maradhi mengine, huo nao uwe macho zaidi. Halafu ninyi mabinti wa mjini na mikorogo yenu ya kujichubua. Umepewa mwavuli bure na Mungu, na wewe unauchana kwa mikono yako upendeze picha. Mdogo wangu angeutamani usiku na mchana.

Kwa hiyo mtoto mwenye ualbino ukimpata, mpokee. Kofia pana siyo ya Jumapili, ni ya kila asubuhi, ikichafuka, ifue. Losheni ya jua siyo manukato, haisubiri safari. Mikono mirefu, sketi ndefu. Shuleni wakisema kofia siyo sare, nenda, kaa nao, na usitoke mpaka waelewe. Akasomeshwe mpaka apate kazi ya kivulini, siyo kwa kuhurumiwa, kwa haki yake. Gamba lisilotoka na kidonda kinachopona na kurudi, hata kisipouma, hasa kisipouma, peleka hospitali kikiwa mtama. Kikiwa gunzi utakuwa umechelewa. Na kazi nyepesi, kabla hujampa mtu unayempenda, kaa kwanza wewe kwenye kiti hicho kutwa nzima, uone uzito wake.

Ezekia amejenga kichanja cha kuanikia, kirefu cha kufika kifuani, na wavu juu yake. Kuku wanapita chini wanatazama juu. Halindi mtu. Na kumbe ndivyo ilivyowezekana siku zote, mwanangu, miti mitatu na wavu. Tumaini anaendelea na masomo, sikio lake lina kovu dogo, na akiulizwa ni la nini anasema, "Jua lilionja, Bibi akalinyang'anya." Ile khanga ya Bi Mwanahawa niliirithi sandukuni kwa mama. Imepauka, lakini nilimfunga nayo Tumaini kichwani siku tuliyotoka hospitali, mbele ya watu wote, na padre akipita na apite.

Nenda sasa, mwanangu, kivuli kikukute kabla ya jua. Mungu akupe jua la kukausha mahindi yako, na akunyime hilo hilo lisimguse mwanao. Akupe macho ya kuona kilicho kidogo, na ulimi wa kusema hapana hata ukiwa mgeni kwenye nyumba ya watu. Na ikibidi kuchagua, uani kwako wasikose kuku wanono.